Ronnie O'Sullivan akitoka mezani: je, hasira ndo siri ya ubingwa?

Swali nililoletewa: "Shikamoo mwalimu. Mi nacheza pool hapa Morogoro, siku hizi naangalia sana snuka kwenye simu na namkubali mno Ronnie O'Sullivan. Sasa kocha wetu ananigombeza kila siku eti nina hasira, sababu nikikosa mpira natupa kyu, yaani fimbo yangu ya kupigia. Mi namwambia mbona Ronnie naye mkorofi, anaondoka katikati ya mechi, anavunja kyu, na bado kawa bingwa wa dunia mara 7. Je ule ukorofi si ndo unampa nguvu? Na huyu mtu nje ya meza anaishije, yuko hivohivo?"

Marahaba mdogo wangu. Hili swali naulizwa sana na vijana ninaowafundisha, ila wengi wanalizungukazunguka, we umeuliza kavukavu na nimelipenda. Nakujibu kwanza alafu ntaeleza: hapana, ukorofi haujampa hata taji moja, ulichompa ni faini na mechi kumponyoka mkononi. Kilichomweka juu zaidi ya miaka 30 ni kitu ambacho kwenye klipu hukioni, manake klipu inaanza akiinama kupiga na inaisha akipeana mkono, na huyu bwana mambo yaliyomwokoa yako huko nje, kwenye matope ya msituni, jikoni, na chumbani kwa daktari wa akili.

Tuanze nyumbani kwao. Ronnie kazaliwa tarehe 5 Desemba 1975, kakulia Chigwell, Essex, pembeni ya London. Baba yake, naye anaitwa Ronnie, alikuwa na maduka ya picha na vitu vya ngono pale Soho, biashara iliyokuwa inaingiza hela nzuri, na mzee akamjengea dogo chumba cha snuka hapo nyumbani. Dogo akapiga mia yake ya kwanza, yaani alama 100 kwa zamu moja bila kukosa, akiwa na miaka 10. Akiwa na 15 akapiga 147 kwenye mashindano ya wasiolipwa, na alama 147 ndo kilele cha kawaida cha fremu moja, raundi moja ya mchezo, yaani nyekundu 15 za alama moja moja, kila nyekundu unaifuatisha na nyeusi ya alama 7, alafu unamaliza rangi zote sita kwa mpangilio wake. 1992, miaka 16, akaingia kwenye weledi na akapelekwa Blackpool kwenye mechi za mchujo, akacheza 76 akashinda 74, kati ya hizo 38 mfululizo. Soma tena hizo namba taratibu. Mtoto wa miaka 16.

Na mwaka huohuo baba yake akahukumiwa kifungo cha maisha kwa kuua mtu kwenye ugomvi klabu ya usiku.

Hapa huwa nawasimamisha vijana wangu kidogo. Ule mtu aliyemjengea chumba, aliyekuwa anamsimamia, anamuamsha, anamwambia leo hujafanya mazoezi, kaondoka ghafla, na atakaa ndani miaka 18. Ametoka Novemba 2010, Ronnie anakaribia 35. Kwahiyo UK Championship ya 1993, aliyomfunga Stephen Hendry 10-6 akiwa bado siku chache atimize miaka 18, baba hakuwepo ukumbini. Ubingwa wa dunia wa 2001, hakuwepo. 2004 hakuwepo, 2008 hakuwepo. Alafu 1996 mama yake naye akafungwa miezi kadhaa kwa mambo ya kodi, Ronnie ana miaka 20 kabaki na mdogo wake wa kike na nyumba kubwa na hela. Kilichotokea mwenyewe kakisimulia hadharani mara nyingi hajaficha: pombe, bangi, watu kujazana nyumbani usiku kucha, mwili kunenepa, na asubuhi anaamka hajitaki.

Sasa fanya hesabu na mimi, kwasababu hii hesabu ndo jibu lenyewe. Ile miaka ya fujo tupu, 1992 hadi 2000, kipaji kilikuwa pale pale. 1997 pale Crucible, Sheffield, ukumbi wa ubingwa wa dunia, alipiga 147 kwa dakika 5 na sekunde 8. Hiyo ni mipigo 36, ukigawanya unapata kama sekunde 8 na nusu kwa kila mpira, ndani yake kuna kutembea kuizunguka meza ya futi 12, kuinama, kulenga na kupiga. Wewe ukiwa bado unapaka chaki yeye keshaingiza na anaifuata nyingine. Mataji mengine pia alikuwa anachukua hapa na pale. Ila ubingwa wa dunia kwenye miaka yote ile? Sifuri. Huo mashindano yake yanachukua siku 17, yanakutaka kichwa kitulie siku 17. 1998 akachukua Irish Masters wakamnyang'anya baada ya vipimo kuonyesha bangi. Mwaka 2000 akakubali kwenda kulazwa Priory, hospitali inayotibu ulevi na sonona, na mwaka unaofuata, 2001, ndo akawa bingwa wa dunia mara ya kwanza, 18-14 dhidi ya John Higgins. Sijui kama unaiona hiyo. Miaka minane ya moto hakuna kitu, ametibiwa, mwaka mmoja tu taji.

Kwanini hasira inaua mchezaji wa snuka kuliko hata wa pool? Kwasababu ya kiti. We kwenye pool yenu pale, meza ndogo, mwenzio akikosa unainuka, zamu inarudi haraka, hasira unaimalizia kwenye mpira unaofuata. Kwenye snuka ukikosa mpira mmoja rahisi unaenda kukaa kwenye kiti, na mwenzio anaweza asikose tena mpaka fremu inaisha. Dakika kumi, kumi na mbili, unakunywa maji, unafuta kyu kwa taulo, kamera iko usoni kwako na huna chochote cha kufanya. Fainali ya dunia ni anayefika fremu 18 kwanza, siku mbili, vipindi vinne. Mi nimefundisha miaka mingi kwenye klabu moja hapa Dar na nakwambia kwenye kile kiti ndo mchezaji anajulikana. Nina kijana mmoja mikono yake mizuri kuliko yangu, akikosa anakaa pale goti linatetemeka, anang'ata kucha, macho yako kwenye ule mpira aliokosa wakati meza imeshabadilika kabisa, na mwenzie akimwachia nafasi anainuka bado anaupiga ule mpira wa dakika kumi zilizopita. Unaelewa? Mwili umeinuka, kichwa bado kimekaa.

Ronnie yule unayemuona kwenye klipu kashinda hicho kiti mara nyingi, ila kuna siku kiti kilimshinda yeye. Desemba 2006, UK Championship, York, anacheza na Hendry, mechi ya kufika 9 kwanza, yuko nyuma 4-1. Fremu ya sita, anakosa nyekundu, anamfuata Hendry anampa mkono, anampa refa mkono, anaondoka. Hendry mwenyewe kabaki kashangaa, manake mechi ilikuwa mbichi kabisa, 4-1 kwa Ronnie ni shimo analoweza kulitoka kwa saa moja tu. Wakampiga faini ya pauni 20,800. Hiyo ndo klipu uliyoiona we ukaona ujeuri, mtu haogopi kitu. Mi nikiiangalia naona mtu anazama. Mwenyewe kaomba radhi baadae na kakaa miaka akieleza hali aliyokuwa nayo kipindi kile, sonona ilivyokuwa inamchukua hata akiwa mezani anaongoza.

Kuna vituko vingine ambavyo sio hasira, na hivi usivichanganye. 1996 pale Crucible alimcheza Alain Robidoux wa Canada kwa mkono wa kushoto, jamaa akakasirika akaona anadharauliwa hata mkono akakataa kumpa. Ikafika mahali Ronnie akatakiwa athibitishe kwamba mkono wa kushoto anaujua kweli, akapelekwa kucheza fremu tatu za kushoto na Rex Williams, mchezaji wa zamani, akashinda zote tatu. Na Glasgow 2010, anacheza na Mark King, yuko katikati ya breki, yaani zamu ya kuingiza mipira mfululizo, anamuuliza refa zawadi ya 147 ni shilingi ngapi, anaambiwa hakuna zawadi maalum. Akaendelea, akafika mwisho kabisa imebaki nyeusi peke yake, mpira wa kuingiza hata mwanafunzi wangu wa mwezi mmoja, akaacha, akaenda kupeana mkono. Refa Jan Verhaas akamsihi aipige kwa ajili ya watu waliolipa kiingilio. Akarudi akaiingiza. 2016 huko Wales akafika sehemu 147 iko wazi akachagua makusudi pinki ya alama 6 badala ya nyeusi ya alama 7, akamaliza na 146, kwasababu aliona pauni 10,000 ni kidogo kwa kazi kama ile.

Maoni yangu? Ile ya Wales siipendi. Nilikuwa na watoto wanne tunaangalia wote na nikaona aibu kuwaeleza. Pia ile aliyosema 2020 kwamba wachezaji chipukizi wabovu kiasi kwamba ingebidi apoteze mkono na mguu ndo atoke kwenye 50 bora, pale alikosea, watoto wale walikuwa wanalala kwenye mahoteli ya bei rahisi wanahangaika kufidia nauli, mtu mkubwa kama yeye hakupaswa kuwavunja moyo. Simtetei kwa kila kitu. Nakueleza tu kwamba ukorofi wake ukiutazama vizuri una matabaka, kuna kuchoka, kuna utoto, kuna kugombana na wenye mashindano kuhusu hela, na chini kabisa kuna ugonjwa aliokuwa anapambana nao. We unayetupa kyu uko kwenye tabaka gani? Jiulize tu kimoyomoyo, usinijibu.

Sasa tuje kwenye lile swali lako la pili, nje ya meza. Hapa ndo napenda kuongea.

Mbio. Ronnie ni mkimbiaji, na sio wa kujifurahisha kidogo kupunguza kitambi, namaanisha mkimbiaji wa klabu, anavaa jezi ya klabu ya riadha ya kwao Essex, anaenda kwenye mbio za nyika wikiendi kwenye baridi na matope yanafika magotini. Kilomita 10 kashakimbia chini ya dakika 35. Najua ukimwambia mtu wa Mbulu au Eldoret atacheka, kule hiyo ni spidi ya kupasha misuli, ila kwa mtu ambaye kazi yake ni kuinama kwenye meza ndani ya ukumbi usio na dirisha hiyo ni kazi kubwa mno, haiji bila kuamka mapema mwezi baada ya mwezi. Na ilimfanyia nini? Kwanza pombe na kukimbia kilomita 15 asubuhi havikai nyumba moja. Pili, na hili ndo mi naliona kubwa, kule kwenye nyika yeye sio mtu maalum. Kwenye snuka akiingia ukumbini watu wanasimama. Kwenye mbio kuna fundi bomba yuko mbele yake, kuna mwalimu wa shule ya msingi yuko mbele yake, na anamaliza katikati ya kundi na hakuna anayemlaumu. Saa inamwambia ukweli wake, leo dakika 36, basi. Mtu aliyeanza kuitwa fundi wa kipekee tangu ana miaka 10, kupata sehemu moja ambapo ni mtu wa kawaida ni dawa.

Alafu jikoni. Anapenda kupika kweli, na 2019 alitoa kitabu cha chakula akishirikiana na mtaalamu wa lishe, yeye ambaye huko nyuma alikuwa anaishi kwa vyakula vya kununua usiku wa manane. Ana urafiki pia na Damien Hirst, yule msanii maarufu wa Uingereza, ambaye anakaa nae hata kwenye chumba cha kubadilishia nguo Crucible wakati wa mapumziko, na huwa nawaza jinsi inavyosaidia kuwa na rafiki ambaye ukitoka kukosa nyekundu yeye hana hata habari ya ile nyekundu, anakuongelesha mambo mengine kabisa.

Na kuna shamba. Hii wengi hawaijui. Mei 2012 katoka kuwa bingwa wa dunia mara ya nne, kamfunga Ali Carter 18-11, alafu akaacha kucheza. Msimu mzima akacheza mechi moja ya mashindano tu na hiyo akapoteza. Katikati ya ule mwaka akaenda kufanya kazi kwenye shamba huko Essex, anavaa mabuti, anasafisha mabanda ya nguruwe. Bingwa wa dunia. Alikuwa anataka kitu cha kumwamsha asubuhi kisichokuwa meza. Na cha ajabu akagundua hakiwezi kujaza siku yake, akakumbuka snuka sio adui, akarudi Crucible 2013 karibu bila mechi miguuni, na akachukua tena, 18-12 dhidi ya Barry Hawkins. Mabingwa wachache sana wamewahi kutetea taji pale Crucible, na huyu kalitetea katoka bandani.

Ila hapo katikati nimemruka mtu muhimu. 2011 Ronnie alikuwa amefikia kutaka kuacha kabisa, kila mashindano anatoka mapema, na akaanza kuonana na Dk. Steve Peters, daktari wa akili aliyekuwa anafanya kazi na waendesha baiskeli wa timu ya Uingereza. Mafundisho yake nitakueleza kwa jinsi ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Ndani ya kichwa chako kuna sokwe. Huyu sokwe ana haraka kuliko wewe na ana nguvu kuliko wewe, ukikosa mpira yeye ndo anapiga kelele wa kwanza, "umeshaharibu, ondoka, tupa hicho kyu". Huwezi kumuua na ukipigana nae atakushinda. Ila sio wewe. Kazi yako ni kumjua akianza, kumwacha apige kelele zake sehemu ambayo hazina madhara, na kumjibu kwa mambo ya kweli uliyoyaandaa mapema kabla hujafika kwenye mechi: nimeshatoka nyuma zaidi ya hapa, fremu moja sio mechi, hata nikipoteza leo watoto wangu watanipokea vilevile. Ronnie kila mara anasema huyu daktari kambadilishia maisha. Na mataji ya dunia yako hivi: 2001, 2004, 2008, alafu baada ya kukutana na Peters 2012, 2013, 2020 na 2022. Manne kati ya saba, na yote manne yapo upande wa umri ambao wachezaji wengi wanakuwa wameshaanza kushuka.

Na ile 2004 nayo ina mtu wake, Ray Reardon, mzee wa Wales, bingwa mara 6 kwenye miaka ya 70, aliyewahi kuwa mchimba makaa na polisi kabla ya snuka. Baba yake Ronnie akiwa gerezani ndo alimtafuta mzee huyu amsaidie kijana wake. Reardon akamfundisha kujilinda, kuficha mpira mweupe, kukaa na mchezo mbaya bila kuukimbia. Kabla ya hapo Ronnie alikuwa anajua kushambulia tu, fremu ikiwa ngumu anachoka nayo. Na angalia mambo yalivyozunguka, 2022 Ronnie alipochukua taji la saba akiwa na miaka 46 akawa bingwa mzee kuliko wote, rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Reardon mwenyewe, aliyeshinda 1978 na miaka 45. Mzee alikuwa bado hai kuiona, amefariki Julai 2024.

Kama unataka klipu moja ya kuangalia badala ya ile ya York, tafuta mwisho wa fainali ya 2022. Kamfunga Judd Trump 18-13. Anamfuata Trump kumpa mkono, na badala ya mkono wanakumbatiana, na hawaachiani. Ukumbi unapiga makofi, yanapungua, yanaanza tena, bado wameshikana, Ronnie kaegemeza uso begani kwa kijana mdogo kwake kwa miaka karibu 14 na analia, mabega yanapanda na kushuka. Mkorofi gani huyo? Mi nililia nae hapa sebuleni, mke wangu akaniuliza kuna nini nikashindwa kueleza.

Na usifikiri baada ya hapo kakaa mtakatifu. Januari 2025 alivunja kyu yake baada ya kupoteza mechi, hiyo ndo uliyoisikia, na akajitoa Masters, mashindano aliyokuwa anatetea taji lake. Sasa hesabu gharama yake, sababu klipu haikuonyeshi. Kyu ya mtu kama yule sio ubao, ni mkono wake, kaizoea uzito na ncha yake miaka, ukiivunja unaanza upya kama mtoto. Alikaa nje miezi mpaka Aprili, akarudi Crucible na kyu nyingine, akafika nusu fainali, Zhao Xintong akamtandika 17-7 na kwenda kuwa Mchina wa kwanza bingwa wa dunia. Yule sokwe hakufa, umeona? Anaamka. Tofauti ni kwamba siku hizi akiamka Ronnie ana watu wa kuwapigia simu na ana viatu vya kukimbilia, hivyo anarudi. Agosti mwaka huohuo, Jeddah, kwenye nusu fainali akapiga 147 mara mbili kwenye mechi moja, miaka 49. Fainali akapoteza 10-9 kwa Neil Robertson.

Ukitaka kujua Ronnie bila mbio, bila daktari, bila Reardon angekuwa nani, huhitaji kukisia, alikuwepo. Anaitwa Alex Higgins, wa Belfast. Kipaji kilekile, spidi ileile, watu walimpenda vilevile kwa sababu alikuwa hatabiriki. Bingwa 1972 akiwa na miaka 22, bingwa tena 1982 alipomfunga Reardon huyuhuyu 18-15 akaita mtoto wake mchanga aletwe huku analia machozi, ni picha ambayo kila mpenzi wa snuka anaijua. 1986 akampiga kichwa afisa wa mashindano, akafungiwa. Pombe, sigara, ugomvi, alafu saratani ya koo. Kakutwa amefariki Julai 2010 kwenye nyumba yake Belfast, peke yake. Hasira kama ndo ingekuwa inatoa ubingwa, Higgins angekuwa na mataji ishirini. Ana mawili.

Kwahiyo kocha wako yuko sahihi, mpe heshima yake na umwombe radhi, na usiishie kujizuia mezani tu manake mezani tayari umechelewa. Morogoro hapo una mlima nyuma ya mji, una barabara za kupanda. Anza kukimbia asubuhi, hata dakika 20, mara tatu kwa wiki, usimwambie mtu wa pool, nenda na watu ambao hawajui wewe ni nani mezani. Tafuta mtu mmoja ambaye si mchezaji wa kuongea nae siku umepoteza. Na kama hasira inakufuata mpaka nyumbani, hulali, huna raha na chochote, hiyo usiniletee mimi wala kocha, hospitali ya mkoa wana watu wa afya ya akili, kawaone, Ronnie kaenda na hakuna aliyemcheka. Ukiwa unacheza, ukikosa, kabla hujakaa futa kyu kwa kitambaa kutoka kitako mpaka ncha, polepole, mara moja, alafu ndo ukae. Nimewafundisha wengi hivyo, mkono ukiwa na kazi ya taratibu na kichwa kinapungua kasi.

Na hiyo kyu uliyokuwa unaitupa, leo ukifika ilaze mezani uiviringishe taratibu huku umeinama macho usawa wa kitambaa. Ikienda laini iko sawa. Ikiwa inadundadunda au ncha inapanda na kushuka basi imeshapinda au kiungo kimelegea, na hapo mipira mingi unayokosa ukikasirika unakosa kwa sababu hiyo. Iviringishe alafu uniandikie ulichoona.